Mabawabu wa Mardhiya

Kila adhuhuri ya mwezi wa Ramadhani, Bi Mwatum alitenga sahani moja mezani, akaifunika kawa, kisha akatoka uani kujitafutia shughuli. Hakutaka binti yake ale huku anatazamwa. Nyumba nzima pale Kikwajuni ilikuwa imefunga, isipokuwa Mardhiya, na Mardhiya alikwishatimiza miaka kumi na miwili.

Tangu uchanga wake madaktari walisema mtoto huyu asikae na njaa, na Bi Mwatum akalishika neno hilo barabara. Asubuhi chai na mkate, saa nne kitu kidogo, adhuhuri chakula, na kabla ya kulala unga wa mahindi uliokorogwa kwa maji. Mardhiya akiuliza sababu, jibu lilikuwa moja tu, kwamba mwili wake hautaki njaa. Akajiuliza kimoyomoyo: ni mwili wa nani huo unaoitaka?

Wala si njaa iliyomtesa. Ilikuwa mahakama ya watoto wa mtaani. Alasiri walikusanyika barazani kukaguana ndimi, na hakimu wao alikuwa Ulfat, msichana mwenye jicho la kuona ulimi wa mtu hata kama kinywa kimefumbwa. Ulimi mweupe, umefunga. Ulimi mwekundu, wewe ni kobe, mla mchana. Mardhiya akipita, Ulfat alikuwa akiwaambia wenzake, kwa upole kabisa, "Mpisheni kobe wetu, asije akachelewa chakula chake."

Siku ya kumi ya mfungo Mardhiya aliamua kwamba yametosha. Chai ya asubuhi aliimwaga, mkate akautia mkobani akaenda kuwatupia kunguru. Saa nne hakutia kitu kinywani. Adhuhuri, mama alipotoka uani, sahani ya muhogo wa nazi na samaki iliteremshwa chini ya dirisha, na paka wa jirani akaimaliza bila kuuliza, kwa kuwa paka hawana Ramadhani. Sahani ikarudishwa mezani tupu. Tangu unga wa usiku, tumbo la Mardhiya halikuwa limepokea hata tonge.

Alasiri akaenda mwenyewe barazani, akautoa ulimi. Ulfat aliinama akautazama, akautazama tena kama sonara aliyeletewa pete ya mashaka, kisha akatamka kwamba huyu amefunga kweli. Wakampisha akae katikati.

Fahari hiyo haikudumu. Inasemekana njaa ya saa kumi, mwezi wa Ramadhani, humfanya mtu wa Kikwajuni asikie harufu ya sambusa zinazokaangwa Chukwani. Mardhiya hakusikia harufu yoyote. Jasho la baridi lilimtoka, na miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Alijikokota hadi nyumbani. Mama yake alimtazama usoni, akaacha mwiko chunguni.

"Umekula, mwanangu?"

"Nshakula, mama."

Neno moja hilo. Bi Mwatum alidhani ni jua, akamlaza, akarudi kwenye futari yake. Baada ya muda alimwita, kimya. Akamwita tena, kimya. Mtoto aliyelelewa kuitika "naam" kabla jina halijamalizika, leo haitiki. Bi Mwatum alikuta shuka imelowa na macho ya mtoto yamegeuka. Alimbeba mgongoni, mtoto mrefu karibu sawa naye, akakimbia naye mpaka barabarani kutafuta gari.

Hospitalini walimpokea haraka. Daktari Hind, aliyemjua tangu akiwa mdogo, alimtoboa kidole, akapima, akaagiza sukari iingizwe kwenye mshipa. Haikuchukua muda mrefu, Mardhiya akafumbua macho kama taa iliyotiwa mafuta.

Lakini daktari hakutabasamu. Alimuuliza mama mtoto amekula nini, na Bi Mwatum akamweleza yote, mkate, muhogo, samaki, akaapa kwamba sahani ameikuta tupu. Daktari akaiweka kalamu chini.

"Kama amekula yote hayo na sukari imeanguka hivi, basi maradhi yamegeuka, Bi Mwatum. Kesho itabidi apande boti ya Dar es Salaam, akaanze vipimo upya, na pengine dawa nyingine."

Bi Mwatum alishika ukingo wa kitanda. Mardhiya aliona kwamba uongo wake, alioudhani mdogo, sasa unakwenda kupanda boti pamoja nao.

"Sikula," alisema. "Muhogo alikula paka. Nlikuwa nnafunga."

Hakuna aliyemkaripia, na hilo lilimuuma zaidi. Mama aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini, naye akasimulia habari za ndimi na kobe. Ndipo Bi Mwatum alipokiri kosa lake mwenyewe, kwamba miaka yote alimkataza mtoto bila kumweleza, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuyaelewa vizuri maneno ya daktari.

Daktari Hind akavuta kiti. Alisema mwili wa mtu umejengwa kwa vyumba vidogo mno viitwavyo seli, na katika seli moja tu ya ini mna majiko zaidi ya elfu. Majiko hayo ndiyo mitokondria. Mtu akila, mwili unachoma sukari. Sukari ikipungua, unakwenda ghalani kuchukua mafuta uliyoyaweka akiba. Lakini mafuta hayaingii jikoni hivi hivi. Mlangoni mwa kila jiko amesimama bawabu.

"Bawabu huyo ni kimeng'enya, protini yenye kazi yake maalumu mwilini," alisema daktari. "Ukishiba, mwili unampelekea habari, anafunga mlango. Ukikaa na njaa, anafungua. Hakuna anayemwamrisha kwa sauti, na hakosei. Mabawabu wako wewe, Mardhiya, ni dhaifu tangu kuzaliwa. Mafuta yanafika mlangoni yanarundikana, na jiko linazimika. Ubongo nao unakaa gizani."

Mardhiya aliutazama mkono wake kama hajapata kuuona. "Wako wangapi?"

"Hata mimi siwezi kuwahesabu."

Adhana ya magharibi ikasikika. Bi Mwatum alitia tende kinywani, akanywa maji. Mardhiya alimtazama mama yake, ambaye tangu daku hakuonja kitu, akapika, akambeba mtoto mzima mgongoni, akakimbia. Maelfu kwa maelfu ya mabawabu walikuwa wakimfungulia milango saa zote hizo, kimya kimya, naye hana habari. Alinong'ona, "Subhanallah."

Bi Mwatum alimsogezea bakuli la uji wa hospitali.

"Sikiliza, mwanangu. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mungu mwenyewe. Anayekula kwa ruhusa hiyo si kobe, na hana haja ya kujificha. Mimi nshajua kwa nini ule, na wewe ushajua. Basi kesho mchana utakula, na mimi ntakaa mezani mbele yako. Na nikikuuliza umekula, nambie kweli, hata kama kweli yenyewe ni chungu. Uongo wa leo ulinifanya nikulaze, badala ya kukukimbiza hospitali."

Mardhiya aliitika naam, akachota kijiko cha kwanza, akala.