Pikipiki Hupimwa kwa Mguu wa Mwenyewe

Hindu alikuwa mhudumu wa chanjo mjini Faza. Kila Jumatatu na Alhamisi alijitwika kisanduku cha barafu, akaenda Siyu kuchanja watoto. Aliondoka baada ya sala ya alfajiri, kwa miguu. Njia ilikuwa mchanga, kisha mawe makali, kisha mchanga tena. Alipofika, barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka, na yeye pia.

Siku moja Sista Cherotich, mkuu wa zahanati, alimwita.

"Bi Hindu, chanjo inataka ubaridi, na wewe huna mbawa. Tutatoa mafuta kwa mhudumu mwenye pikipiki yake. Nakupa mwezi huu. Ukishindwa, Siyu nitampa mwingine."

Miaka sita Hindu alikuwa akienda Siyu. Watoto aliowachanja wakiwa wachanga sasa walikwenda chuoni kusoma Kurani na mikoba yao. Kuendesha alijua. Alijifunza Mokowe kwa pikipiki ndogo ya mwalimu wake, akapata leseni. Kilichokosekana ni pikipiki.

Mumewe, Hamdu, alikuwa fundi wa kushona kanzu. "Hilo niachie mimi," alisema. Akapanda boti peke yake mpaka Mokowe.

Siku ya tatu alirudi. Watu wanne waliishusha pikipiki gatini. Ilikuwa nyekundu, imesimama kama ngamia. Wanaume waliokuwa barazani wakainuka kuitazama. Wakabonyeza tairi zake za meno, wakaisifu.

"Nimechagua ndefu kuliko zote," Hamdu alisema kwa fahari. "Mwajua pale penye mikoko, kwenye ndia ya Siyu. Bamvua likija, bahari ikajaa kupita kiasi, mayi hufunika ndia. Hii mayi hayaifikii injini."

"Hapo umetumia akili," alisema Taha, fundi wa pikipiki. Taha mwenyewe alikuwa mrefu kama mlingoti, na pikipiki yake ilikuwa ndefu vilevile.

Hindu alikunja buibui lake juu ya suruali, akapanda. Miguu ikaning'inia. Kidole kimoja tu ndicho kilichogusa ardhi, tena kwa kuomba.

"Bi Hindu kapanda mnazi," Taha akasema. "Mtupieni kamba ashuke."

Baraza nzima ikacheka.

"Utaizoea," Hamdu akamwambia mkewe.

"Nitaizoea vipi? Miguu yangu haikui tena."

"Jambo dogo hilo," Taha akasema. "Nitaipunguza sponji ya kiti." Akachukua kisu, akakata sponji mpaka kiti kikawa kigumu kama ubao. Hindu alipopanda tena, vidole viwili viligusa chini badala ya kimoja.

Alhamisi aliondoka na kisanduku kimefungwa nyuma. Penye ardhi ngumu alikwenda vizuri. Alipoingia mchangani, gurudumu la mbele likayumba. Alipunguza mwendo, akanyoosha mguu ajishike. Mguu haukukuta ardhi. Ulipoikuta, pikipiki ilikuwa tayari inaanguka. Ilimlalia mguuni. Kisanduku kiligonga jiwe, kifuniko kikavunjika, na vichupa vya chanjo vikatawanyika juu ya mchanga wa moto.

Alijaribu kuiinua pikipiki akashindwa. Alikaa pale mpaka wanawake wawili waliotoka shamba wakamsaidia. Siku hiyo mama wa Siyu walingoja mpaka adhuhuri, kisha wakarudi na watoto wao majumbani.

Sista Cherotich alivitazama vile vichupa, akavitenga vyote ili visitumike. "Bado wiki mbili, Bi Hindu," alisema.

Hindu alirudi nyumbani akichechemea, akiisukuma pikipiki. Alimkuta Hamdu kazini, futi yake shingoni, anampima mzee mmoja kanzu. Alipima shingo. Alipima bega. Akainama, akapima mpaka kwenye kifundo cha mguu. Kila kipimo alikiandika.

Hindu aliweka kisanduku kilichovunjika juu ya meza yake ya kukatia.

"Bwana Hamdu, huyu mzee wampima nini?"

"Kanzu ya Idi."

"Si ungekisia tu?"

Hamdu alicheka. "Kanzu haikisiwi. Ikizidi inchi mbili, mtu atajikwaa."

"Mimi nimejikwaa," Hindu akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyomfanya mzee aanze kutafuta viatu vyake. "Mtu wa nje umempima shingo mpaka kifundo. Mimi mkeo umenipimia mayi ya bahari. Pikipiki ni yangu au ni ya bamvua?"

"Nitarudi kesho, Bwana Hamdu," mzee akasema, akatoka.

"Nilitaka usalama wako," Hamdu akasema.

"Ungeniuliza. Miguu yangu ni mifupi, mdomo wangu si mfupi. Ulikwenda peke yako, ukachagua peke yako, ukasifiwa peke yako. Kuanguka ndiko nilikoachiwa mimi."

Hamdu alishika kifuniko kilichovunjika, akakigeuza, akakirudisha mezani.

Pakabishwa hodi. Alikuwa jirani yao, Bi Bochaberi, afisa wa kilimo kutoka Kisii. Kila siku alizunguka mashamba ya kisiwani kwa pikipiki, na alikuwa mfupi kuliko Hindu.

"Nimesikia," Bochaberi akasema. "Nadhani Faza yote imesikia. Shemeji, unaona kimo changu? Nimeendesha miaka tisa, milimani kwetu na mchangani kwenu. Naweza kusema?"

"Sema," Hindu akajibu. "Mimi nikisema nitavunja kitu."

"Kwanza, hakuna pikipiki ya kushindana na bamvua. Maji ya chumvi yakiingia kwenye injini, umekwisha. Yakikosa injini, yatakula mnyororo na breki. Bahari haivukwi kwa urefu wa kiti. Inavukwa kwa kungoja maji yatoke. Nyinyi mmezaliwa hapa, mnajua saa za kujaa na kupwa. Mbona mkipanda pikipiki mnazisahau?"

Hamdu akatazama chini.

"Pili, mchangani usalama ni mguu. Pikipiki ikiyumba, mguu ushuke mara moja ukute ardhi. Si lazima unyayo wote. Sehemu ya mbele ya miguu yote miwili yatosha. Nani amekata kiti hiki?"

"Taha."

"Taha akatiwe godoro lake vivyo hivyo," Bochaberi akasema. "Kupunguza sponji kidogo kunasaidia. Lakini pikipiki iliyokuzidi sana, hata ukimaliza sponji yote bado imekuzidi. Sasa ina urefu wake uleule, na mgongo wako unalipia."

"Basi tuangalie nini?" Hamdu akauliza.

"Shika futi yako. Mpime mkeo mguu kwa upande wa ndani, kutoka juu mpaka kisigino. Avae viatu atakavyoendeshea. Halafu pima pikipiki kutoka chini mpaka kitini."

Bochaberi akageukia ukutani. Hamdu akapiga magoti, akampima mkewe. Inchi ishirini na tisa pamoja na viatu. Kisha wakatoka nje, akapima pikipiki. Inchi thelathini na nne.

Hamdu alizitazama namba zile mbili kwenye daftari lake. Uso wake ulikuwa wa fundi aliyekata kitambaa cha mwenyewe vibaya.

"Tafuta yenye thelathini na moja, isizidi," Bochaberi akasema. "Ukikaa, springi hushuka kidogo, na kiti chembamba huacha miguu ining'inie wima. Kiti kipana hutanua mapaja, na miguu hufupika. Iwe nyepesi, injini ndogo. Huku hatushindani mbio. Tairi ziwe za meno, na tumbo la injini liwe juu kiasi cha kupita mawe. Na usinunue kabla Hindu mwenyewe hajaikalia, hajaisukuma, hajailaza na kuiinua. Ikimshinda kuiinua dukani, itamshinda na porini."

Jumamosi mume na mke walipanda boti pamoja, na pikipiki nyekundu mbele yao. Dukani Mokowe, muuza pikipiki alimsalimia Hamdu, akamwonyesha Hamdu, akamweleza Hamdu.

"Mwenye pikipiki ni mimi," Hindu akasema.

"Sawa, dada. Ile ndogo pale pembeni haikufai. Hiyo ni ya watoto."

"Ina inchi ngapi mpaka kitini?"

"Inchi? Wateja hawaulizi inchi."

"Ndiyo maana wanaanguka."

Hamdu alikwisha kuinama, futi mkononi. "Thelathini na nusu," alisema.

Hindu alikaa. Miguu yake yote miwili ilishuka, ikakanyaga. Aliisukuma mbele na nyuma. Akailaza ubavu taratibu, akageuka, akaishika usukani na chuma cha nyuma, akaisukuma kwa nguvu za miguu mpaka ikasimama. Jasho lilimtoka, lakini ilisimama.

"Hii," alisema.

Ilikuwa ya bei ndogo kuliko ile ndefu. Muuzaji aliitazama mikwaruzo ya ile nyekundu, wakakubaliana kubadilishana, hakuna wa kumdai mwenzake.

Juma zima Hindu alifanya mazoezi mchangani, kofia ngumu kichwani, kisanduku kipya kimejazwa mawe. Alijifunza kusimama na kuondoka. Alijifunza kutotazama gurudumu, ila mbele. Barazani walisema pikipiki imepungukiwa. Hasira aliyokuwa nayo aliitia kwenye gia.

Jumatatu alitoka na chanjo. Lilikuwa juma la bamvua. Alipofika penye mikoko, maji yalifunika njia. Alipunguza mwendo, akateremsha miguu yote miwili, akazima injini. Akaisogeza pikipiki kivulini, akangoja.

Taha akatokea nyuma kwa pikipiki yake ndefu.

"Pikipiki fupi huogopa mayi," alisema, akapita, akajitosa.

Katikati ya maji injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Baada ya kitambo maji yakatoka, njia ikaonekana. Hindu akawasha, akapita polepole. Taha alikuwa amesimama, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi.

"Bi Hindu, nisaidie kusukuma."

"Watoto wanangoja, na barafu haina subira," Hindu akasema. "Wewe una miguu mirefu, Taha. Itumie."

Siku hiyo alichanja watoto kumi na tisa wa Siyu, na barafu ilikuwa bado ngumu. Jioni, Hamdu alimngoja mlangoni na ndoo mbili za maji baridi ya kisima. Alikunja mikono ya kanzu yake, akaanza kuosha chumvi kwenye mnyororo.

"Na nyuma ya gurudumu," Hindu akasema.

"Nimekuona unapaangalia," Hamdu akajibu, akaosha na nyuma ya gurudumu.