Mahindi Yenye Majani ya Zambarau

"Baba Pacha, tumekukumbuka mno. Rudi."

"Nami nimewakumbuka, mke wangu. Lakini nikirudi tutakula nini? Siku shamba likitulisha, huku silali tena."

Mume wa Mama Pacha alikuwa mwashi. Alijenga nyumba za watu mjini, na kwake alifika kama mgeni. Simu ilipokatika, Mama Pacha alilia. Tusifiche, alilia sana.

Na shamba lenyewe, jamani! Lilikuwa kwenye mteremko, mbali kidogo na nyumba. Mahindi yamedumaa, majani yamegeuka zambarau.

"Tumerogwa," alisema mama mkwe.

Mama Pacha akamwita bibi shamba, mtaalamu wa kilimo. Yeye aling'oa mche mmoja, akatazama mizizi. Ilikuwa mifupi.

"Hakuna mchawi hapa. Udongo una njaa ya fosforasi. Hicho ni chakula cha mmea. Hukuza mizizi na punje. Mabua mnapeleka wapi?"

"Tunalisha ng'ombe."

"Na samadi?"

"Tunaimwaga nyuma ya zizi."

Mama mkwe akadakia, "Mimi ndiye niliyekataa isibebwe! Mkwe wangu apite njiani na kinyesi kichwani? Watu watasema nini?"

Bibi shamba akacheka. "Mama, watu wakisema, ghala linajaa? Kila mwaka mnachota shambani, hamrudishi. Chungu gani hicho kisichoisha? Na mvua nayo inateremsha udongo pamoja na fosforasi yake."

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Mama Pacha. Mawazo yake yote yalikuwa kwa mumewe.

"Samadi ikishaoza vizuri, itieni kwenye mashimo ya kupandia, mchanganye na udongo. Fosforasi haitembei, kwa hiyo iwe karibu na mizizi. Pandeni majani ya malisho kwa mistari inayokingama mteremko, yazuie udongo. Na mpime udongo kabla ya kununua mbolea."

Asubuhi iliyofuata, aliyejitwika ndoo ya kwanza ni mama mkwe mwenyewe.

"Bibi, unahama na zizi?" jirani alimtania.

"Cheka tu! Ukija kuomba unga usinijue!"

Msimu wa kwanza mahindi yalinenepa kidogo tu. Udongo uliochoka haupati nafuu kwa siku moja. Mama Pacha alikaribia kukata tamaa, lakini aliendelea kubeba. Msimu uliofuata majani yalikuwa ya kijani kibichi, na mahindi yakajaa ghalani mpaka mlango ukagoma kufungika.

Akapiga simu. "Rudi. Shamba limetulisha."

Mwashi alisikika akivuta kamasi.

Alifika jioni na mfuko wa vifaa vyake. Pacha wakakimbilia nyuma ya mama yao.

"Mama," mmoja akanong'ona, "mgeni huyu anaondoka lini?"

Mwashi akainamisha kichwa. Mama Pacha akamshika mkono.

"Haondoki," alisema.