Kofia ya Kijani na Macho ya Namalwa

"Toa hiyo kofia, bro. Toa sai."

Kibe alidhani ni utani. Ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwenye kibanda cha chakula pale saiti ya Spring Valley, kofia mpya kichwani, akingoja wenzake waisifu. Badala ya sifa, mafundi wote wa Kichina walinyamaza na vijiti vyao vya kulia vikabaki hewani. Mmoja alipaliwa na wali. Mwingine aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Aliyesema ni Bwana Zhou, msimamizi wa jengo. Mzee huyu alifundishwa Kiswahili na waashi wa Kawangware, kwa hivyo ukifumba macho akiongea utadhani ni kijana wa mtaani. Alimvua Kibe kofia kwa vidole viwili na kuiweka juu ya mfuko wa simiti.

"Nani amekupea?"

"Mchumba wangu. Jana ilikuwa birthday yangu."

Bwana Zhou alifunga macho kidogo, kama mtu anayeombwa kutangaza msiba.

"Kwetu China, mwanaume akivaa kofia ya kijani, maana yake bibi yake ako na mtu mwingine. Kila mtu anajua. Hata mtoto."

Kibe alicheka. Alishazoea miiko yao. Jengo lenyewe walilokuwa wakilijenga halikuwa na ghorofa ya nne. Kutoka ya tatu unarukia ya tano, maana nne kwao inawakumbusha kifo. Vijiti havisimamishwi ndani ya wali, kwani hicho kinakuwa chakula cha marehemu. Na maji wanayokunywa ni ya moto, hata jua la Februari likiwa linapasua mawe. Tena Kibe hakuwa na haki ya kuwacheka sana. Mama yake mzazi kule Kabiria, ukimuuliza ana wajukuu wangapi, anakufukuza jikoni. Kuhesabu watoto ni kuwaitia balaa. Kila watu na mwiko wao.

Kasheshe ilianza aliporudi kazini. Maneno ya Bwana Zhou yalikataa kumtoka kichwani.

Kwa sababu mambo yalikuwepo, jamani. Namalwa siku hizi hamwangalii usoni. Juzi walipishana Kenyatta Avenue, nusura wagongane mabega, na akampita kama mti wa barabarani. Ujumbe wa kuandika aliacha, anatuma sauti tu. Kibe alipopendekeza waende kuangalia filamu alisema kichwa kinamuuma, na kilimuuma hivyo kila alipoulizwa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kibe akajiambia kwamba hata Wachina hawawezi kuogopa kitu bure.

Alhamisi aliomba ruhusa mapema, akaenda mjini Biashara Street kumtoa Namalwa lanchi. Namalwa alikuwa muuzaji kwenye duka la vitambaa la Bi Manjit, na alisifika kwa kujua kila jora lilipo bila kutafuta. Siku hiyo hakuwepo. Bi Manjit alishangaa kuulizwa. Alisema msichana ameomba siku nzima, tena si mara ya kwanza, na akadhani Kibe anajua.

Kibe alisimama nje ya duka akamtumia sauti: "Uko wapi?"

Jibu lilikuja kwa sauti, ya kunong'ona: "Niko kazini, babe. Leo wateja wamejaa."

Aliisikiliza tena. Nyuma ya ile sauti palikuwa kimya kama kanisani Jumatatu. Hakukuwa na mteja hata wa dawa.

Kabla hajaiweka simu mfukoni ikaingia meseji nyingine, ya Jacklyne, rafiki yao mwenye saluni Hurlingham: "Kibe, usiseme ni mimi. Namalwa amepita hapa Argwings Kodhek akishikwa mkono na mwanaume. Si kijana, ni mzee wa koti. Wameingia geti ya bluu mbele ya saluni. Pole sana."

Nani angengoja? Aliita bodaboda. Njiani alipanga maneno, akayapangua, akapanga matusi. Kofia ya kijani ilikuwa kwenye begi lake, na alikusudia kumrudishia mkononi mbele ya huyo mzee wake wa koti.

Alisimama ng'ambo ya barabara akingoja, saa ikapita, na ya pili. Geti la bluu lilipofunguka, Namalwa alitoka na miwani kubwa nyeusi, mkono wake umeukumbatia mkono wa mwanaume, kichwa karibu kabisa na bega lake. Walitembea polepole kama maharusi. Kisha yule mwanaume akainua uso kuangalia magari, na Kibe akamtambua.

Alikuwa baba yake. Mzee Kinyanjui mwenyewe, aliyemlea.

Msomaji, elewa kwa nini hilo lilikuwa zito kwa kijana wa watu. Namalwa ni Mbukusu wa Webuye, na kwao mke hampi mkono baba mkwe. Tangu Kibe amtambulishe nyumbani, Namalwa alimsalimia mzee akiwa mlangoni, ameinama, mikono ameibana kifuani. Mzee aliupenda ule ustaarabu na kuusimulia kwa marafiki. Sasa ndio hawa, mchana kweupe, wamekumbatiana mikono.

Kibe alivuka barabara bila kuangalia.

"Baba?"

Mzee Kinyanjui alisimama ghafla. Namalwa naye aligeuka, lakini aligeuza uso upande usiokuwa na mtu.

"Baba, ni Kibe huyo?" aliuliza.

Kibe alikuwa mbele yake, angeweza kumgusa. Hasira haikumpa nafasi ya kulishangaa hilo.

"Sasa umenisahau hata sura? Baba yangu, Namalwa? Katika wanaume wote wa Nairobi?"

"Kibe, ongea polepole," alisema mzee.

"Wewe nyamaza kwanza, baba. Na wewe, ulininunulia kofia ya kijani makusudi? Ndio watu wanicheke?"

"Kofia gani ya kijani?"

Alilifungua begi kwa pupa, akaichomoa na kuisogeza mpaka karibu na miwani yake. Namalwa aliipapasa ukingo, akaitambua kwa mshono.

"Hii si ya kijani," alisema. "Ni nyeusi. Niliomba nyeusi. Mchuuzi aliniambia ni nyeusi kabisa."

Kibe aliitazama kofia. Ilikuwa ya kijani kama sukuma wiki iliyotoka shambani. Akamtazama Namalwa, akingoja acheke. Hakucheka.

"Namalwa. Hii unaiona nyeusi?"

"Mwambie, mwanangu," mzee alisema. "Usipomwambia leo nitamwambia mimi."

Namalwa alivua miwani. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa kwa pamba na kikombe kidogo cha plastiki, plasta zikivuka mpaka shavuni. La kushoto lilikuwa wazi, na katikati ya mboni palikuwa na weupe kama tone la maziwa. Kibe alikuwa ameuona weupe huo mara nyingi, akadhani ni mwanga wa taa. Mwaka mzima alimwita mrembo wa macho, na hakuwahi kuyaangalia.

"Ni mtoto wa jicho," alisema Namalwa. "Yote mawili. Hili la kulia wamelipasua leo."

Kibe alitaka kusema kwamba huo ni ugonjwa wa akina nyanya.

Wakaketi kwenye ukuta mfupi nje ya geti, na mambo yakatoka. Tangu shuleni Namalwa aliwashwa na macho, na duka la dawa la mtaani lilimuuzia matone yanayokata muwasho papo hapo. Akayapenda. Akayatumia miaka nenda miaka rudi, bila daktari, kila macho yakimla. Yale matone ndiyo yaliyoukuza ule weupe, na yakaipandisha presha ya jicho pia. Mjini alianza kuona watu kama wamejifunika neti. Dukani alikariri rafu moja moja ili Bi Manjit asigundue. Kofia ndiyo aliyoinunua barabarani, ambako hakukuwa na rafu ya kukariri.

Aliyemgundua ni Mzee Kinyanjui. Jumapili moja kule Kabiria, Namalwa alimimina chai pembeni ya kikombe, ikatiririka mpaka kwenye mkeka, na wote wakacheka isipokuwa mzee. Yeye alipasuliwa macho yake zamani kidogo, na alikuwa amemimina chai namna hiyo hiyo. Alimwita kando akamwambia habari za Daktari Ravneet, aliyemtibu.

"Mwanzo alikataa nimshike mkono," mzee alieleza. "Akasema mila yao haikubali. Nikamwambia, mila yenu naiheshimu, binti, lakini huo mtaro ulio mbele yako hauiheshimu. Wazee wa Webuye wakitaka mbuzi ya faini, nitapeleka."

"Lakini kwa nini baba?" Kibe aliuliza. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

Namalwa alivaa miwani yake tena. Alipoongea, sauti yake ilikuwa tulivu, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kibe.

"Unamkumbuka bibi ya Muindi?"

Muindi alikuwa fundi mwenzake, ambaye mkewe alipofushwa na ugonjwa wa sukari. Kibe aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba kichwa hakionekani.

"Namkumbuka."

"Ulikuja kwangu ukanisimulia. Ukasema, 'Mimi ningemrudisha kwao. Siwezi kuoa mtu wa kushikwa mkono.' Ukacheka sana, Kibe. Na mimi nimekaa kando yako hapo, maandishi ya TV yashanipotea. Ningekuambia nini baada ya hiyo?"

Maneno yakimtoka mtu huwa hayana uzito. Yakirudi ndipo unajua uzito wake. Kibe aliyakumbuka yote, mpaka na kile kicheko. Aibu ilimpanda akahisi masikio yanawaka.

"Nilikuwa natania."

"Pengine. Uso wako sikuuona. Nilisikia sauti tu."

Alisimama, akautafuta mkono wa mzee, akaupata.

"Kesho wananitoa bandeji. Hili la kushoto nalo daktari hana hakika. Presha imelikula ndani, na iliyoliwa hairudi. Baba atanileta. Wewe sijakuomba uje."

Wakaondoka. Kibe alibaki na kofia yake.

Asubuhi alipitia saiti kuomba ruhusa tena, akamweleza Bwana Zhou kila kitu. Mzee wa watu alishtuka mpaka akaweka chini kikombe chake cha maji moto, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Aliingia ofisini akatoka na pakiti ya maua makavu ya kutengeneza chai na nyingine ya matunda madogo mekundu, akasema ni ya macho, ampelekee mchumba. Kisha akaeleza kwamba kwao shuleni, kila siku, watoto hufumba macho darasani muziki ukilia na kujikanda nyusi kwa vidole, ili wasipofuke kwa kusoma.

"Na inasaidia?" Kibe aliuliza.

"Sijui. Wote wanavaa miwani." Akamshika bega. "Lakini skiza, bro. Mimi nilisema kofia. Hiyo story ingine yote ulimalizia mwenyewe."

Kibe alichukua pakiti zake akaenda Hurlingham kuketi mahali asipoalikwa.

Mzee Kinyanjui alipomwona akiingia alisogea kwenye benchi ampe nafasi. Walipoitwa ndani, Kibe alisimama karibu na mlango, kama mtu anayejua anaweza kufukuzwa. Daktari Ravneet alibandua plasta taratibu, akapangusa, akamwambia Namalwa afungue jicho bila haraka.

Namalwa alifungua. Aliangalia mkono wake mwenyewe, akaugeuza, akaangalia kucha. Aliangalia mtandio wa daktari akataja rangi yake, manjano, kwa sauti ya mtu anayeita jina la ndugu aliyepotea. Akasoma herufi za ukutani mpaka mstari wa zile ndogo kabisa. Alimwangalia mzee na kushangaa kwamba mvi zake ni nyingi hivyo, hakuna aliyemwambia. Alikuwa analia na kucheka, na daktari akamwomba asilie sana.

Kisha akamwona Kibe mlangoni. Kicheko kikaisha.

"Sogea," alisema.

Kibe alisogea mpaka mbele ya kiti.

"Ile ya bibi ya Muindi. Iseme tena."

"Namalwa, tafadhali."

"Vile ulisema siku ile. Leo naona."

Daktari Ravneet alianza kutafuta kitu kwenye droo. Mzee aliinuka atoke, Namalwa akamwomba abaki.

Kibe alifungua mdomo. "Mimi ninge..." alianza, na midomo ikamkatalia. Alijaribu tena. Kidevu kilimtetemeka, macho yakajaa, akataka kugeuza uso, lakini Namalwa alimshika shavu akamzuia. Alimkagua bila haraka, paji la uso, mdomo, macho, akirudi pale pale alipoanza, na Kibe hakuwahi kuogopa kuangaliwa namna hiyo maishani mwake.

"Siwezi kuisema," alisema Kibe.

"Na hili la kushoto likikataa kabisa? Na hili nalo likichoka siku moja?"

"Nitakushika mkono. Popote. Mbele ya mtu yeyote."

Namalwa aliendelea kumtazama, maana sauti nzuri alishazisikia nyingi na leo hakuhitaji sauti.

"Nimekuona," alisema hatimaye, akashuka kitini na kumpa mkono.