Lenzi Iliyomkataa Mke

Picha za harusi ya mdogo wake zilipotoka, mshonaji alijitafuta asijione. Safu nzima ilikuwa safi, hadi vishikizo vya shati la baba yake vilihesabika. Yeye tu, katikati yao, uso ulikuwa ukungu mtupu.

"Ulitikisika," mumewe alisema.

"Nikatikisika uso peke yake?"

Mumewe, mpigapicha, akacheka na kuisingizia lenzi. Alikuwa nayo tangu ujana, na kwa miaka yote hiyo ya harusi na mahafali ilikuwa imechakaa. Ile pete inayozungushwa ili sura itokee safi ilikuwa imelegea. Akiinamisha kamera, inateleza yenyewe. Ukiitikisa, vioo vinagonga ndani, kra, kra. Fundi wa kamera alishamwomba amwachie aikaze, naye hakukubali ilale nje ya nyumba.

Mshonaji alianza kumwangalia mumewe kwa jicho jingine. Aliifuta lenzi taratibu kwa kitambaa laini, na yeye mkewe hakukumbuka mara ya mwisho kushikwa hivyo.

Mchana mmoja, akiwa kwenye cherehani, alisikia kicheko cha mwanamke kutoka studio, chumba cha nyuma, na harufu ya asmini ikampita puani. Alipofungua mlango alimkuta mumewe peke yake, jicho kwenye kamera, akitabasamulia kiti kitupu.

"Unampiga nani?"

"Najaribu mwanga tu, mke wangu."

"Basi nipige mimi." Akaketi.

Kamera ilikuwa juu ya stendi, imenyooka sawasawa, na mumewe alikuwa amegeuka kurekebisha pazia, mikono yote miwili juu, pale mshonaji alipoiona pete ya lenzi ikianza kuzunguka yenyewe, polepole, kra, kra, kama inayozungushwa na vidole visivyo na haraka, na ile asmini ikamzonga, kisha pumzi baridi ikamgusa sikio na sauti ya kike ikamwambia kwa upole, "Ondoka kwenye kiti changu."

Jioni hiyo alikuwa kwa shangazi wa mumewe, akimsimulia yote.

"Jini mahaba," shangazi alinong'ona, akaurudisha mlango. "Ameona maharusi wangapi wakipendwa mbele ya kioo hicho? Naye ametamani. Ijumaa nitamleta shehe amwondoe kwa dua. Mpaka hapo usiiguse, mwanangu. Ukimtoa alipo bila kumfunga, atatafuta pengine."

"Alale naye mpaka Ijumaa, shangazi?"

"Vumilia."

Hakuvumilia. Asubuhi, mumewe akiwa bado amelala, aliitia lenzi kwenye mkoba wa vitambaa na kumpelekea fundi. Fundi aliifungua, akaonyesha skrubu zilizolegea na utepe uliolika, akabadilisha, akakaza. Alipozungusha skrubu ya mwisho, kitu kilishusha pumzi ndani ya kioo. Asmini ikajaa kibanda kizima, ikampita mshonaji begani, ikatoka mlangoni.

"Umejipulizia nini, dada?" fundi aliuliza.

Mshonaji aliitikisa lenzi: kimya. Akaondoka mwepesi, karibu acheke njiani, akijisemea kwamba leo mume ni wake.

Alimkuta mumewe amesimama kizingitini, maji ya kuoga yakimchuruzika. Alimtazama mkewe akifinya macho, akiyafungua, akiyafinya tena, kama lenzi inayotafuta sura.

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Mimi. Mke wako."

"Sauti ni yake," alisema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe. Alinyoosha mkono kuelekea usoni pake, akaurudisha bila kumgusa. "Lakini sikuoni vizuri."

"Nitazame. Niko hapa."

Mumewe aliinua macho, yakapita juu ya bega la mkewe, pale asmini ilipoanza kunukia tena, na kutulia hapo. Uso wake ukakunjuka, likaja lile tabasamu la kiti kitupu.

"Samahani, dada," alisema kwa heshima, "sogea kidogo. Unamziba mke wangu."