Fundi Mkuu wa Darasa la Sita

Kila siku kengele ya kutoka shule ikilia, Redio hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa baba yake, akasukuma begi chini ya meza, akapanda kwenye stuli, akaanza kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma.

Baba yake alikuwa fundi simu kwa mwaka wa kumi na tano. Duka lake lilikuwa jembamba kama korido: meza moja, taa yenye shingo ndefu, kopo la bisibisi ndogondogo, na droo zilizojaa vioo, spika na mifuniko ya simu zilizokwisha kufa. Macho na mikono ya baba vilikuwa kazini kutwa, lakini masikio yake yalikuwa huru. Basi Redio alichukua simu moja ya zamani iliyokaa hapo kwa ajili ya majaribio, akafungua tovuti ya habari, akamsomea. Wateja waliokuwa wakisubiri nao wakasikiliza.

Jina la Redio hakulipata bure. Habari haikupata kulala kinywani mwa msichana yule. Mwalimu akihamishwa, Redio alijua kabla mwalimu hajaanza kufunga mizigo. Wenzake walisema ukitaka jambo lifike mtaa wa pili kabla ya mapumziko, mnong'oneze Redio, halafu umwambie ni siri.

Alisoma kuhusu roboti anayefagia, kuhusu nyota yenye mkia, kuhusu watafiti wanaopima usingizi wa watoto. Lakini utamu wenyewe ulikuwa chini ya habari, pale wasomaji wanapoandika maoni yao. Hapo Redio aliigiza sauti. Kulikuwa na yule anayelalamika hata jua likichomoza, huyo alimsomea puani. Kulikuwa na yule wa "mimi nilishasema zamani", huyo alimpa kikohozi cha mzee. Fundi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Wewe mtoto utaniharibia simu za watu!"

Haikuchukua muda Redio naye akataka kuandika. Maoni yake ya kwanza yalikuwa "Habari nzuri sana." Hayakupata laiki hata moja. Ya pili yakapata moja, tena ni yeye mwenyewe aliyejipa. Akaanza kuchunguza. Wanaopendwa wanaandikaje? Akagundua jambo: wengi wao walianza kwa "mimi". Mimi ni daktari. Mimi ni rubani. Mimi nimefundisha miaka ishirini. Na hakuna aliyewaomba cheti.

Redio akabadilisha jina la akaunti yake. Akajiita Fundi Mkuu, akaweka na picha ya bisibisi.

Alhamisi moja ikaja habari mpya: kwa nini betri za simu huvimba. Redio akashuka haraka mpaka chini. Hakukuwa na maoni hata moja! Leo angekuwa wa kwanza.

Habari yenyewe hakuisoma zaidi ya mistari mitatu. Akafikiri: kitu kikivimba si kina hewa ndani? Puto likitobolewa si linalala? Vidole vikaruka juu ya kioo.

"Mimi ni fundi simu kwa miaka kumi na tano. Msiogope. Betri ikivimba ni hewa tu. Chukua sindano, toboa pembeni, hewa itoke. Itarudi kama mpya."

Baba yake alikuwa ameketi karibu naye kiasi kwamba viwiko vyao viligusana. Kumuuliza kungechukua dakika moja. Lakini ndani ya dakika hiyo mtu mwingine angeweza kumwahi. Redio akabonyeza, maoni yakaenda.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya kwenda shule, akachungulia. Laiki mia nne na kumi na mbili! "Asante sana fundi." "Hawa ndio mafundi, wengine wezi tu." Redio alitembea mpaka shuleni bila kuhisi uzito wa begi.

Darasani alikaa dawati moja na Twiga, msichana mrefu aliyeishi na babu yake. Mama yake Twiga alifanya kazi mji wa mbali na alipiga simu mara moja kwa wiki, Ijumaa jioni.

"Mwenzangu," Twiga alisema wakati wa mapumziko, "simu ya babu imefura! Mfuniko wa nyuma umenyanyuka kabisa. Jana tulichanganyikiwa. Mama leo anapiga, tungeongea naye kwa kutumia nini?"

"Ileteni kwa baba," Redio akasema.

"Hakuna haja. Jirani kamsomea babu kwenye mtandao. Kuna fundi mmoja bingwa, anaitwa Fundi Mkuu. Unatoboa na sindano tu, na leo nikirudi namshikia babu tochi. Na kwa sindano unamjua."

Redio alimjua. Babu yake Twiga alikuwa fundi cherehani mstaafu, na mkono wake haukutetemeka mpaka leo.

Redio akaushusha mkate wake. "Msifanye hivyo."

"Kwa nini?"

"Labda... labda ni hatari."

"Nani kasema? Baba yako?"

Baba hakusema kitu, kwa sababu hakuulizwa kitu. Na Redio mwenyewe hakujua kama ni hatari au si hatari. Alichojua ni puto.

Twiga akacheka. "Jamani Redio! Mtu ana miaka kumi na tano kwenye ufundi, watu mia nne wamemkubali, halafu nikusikilize wewe? Unamwonea wivu kwa ajili ya baba yako tu."

Dawa ilikuwa maneno manne: Fundi Mkuu ni mimi. Redio aliyaona kabisa yamejipanga nyuma ya meno. Lakini wenzao wawili walikuwa wamekaa hapo karibu, na yeye ndiye aliyezoea kutangaza aibu za watu, siyo zake. Akainamia mkate wake.

Kengele ilipolia, Twiga aliondoka na miguu yake mirefu kabla Redio hajafunga daftari. Redio akakimbia dukani. Baba yake alikuwa ameinamia simu ya mteja, mama mmoja aliyekaa akijipepea kwa bahasha.

"Baba, betri ikivimba, mtu akiitoboa na sindano, inakuwaje?"

"Inawaka," fundi alijibu bila kuinua kichwa.

"Inawaka, yaani simu inawaka?"

"Moto, mwanangu. Inawaka moto. Ile hewa yenyewe inashika moto, na vilivyomo ndani vikigusana ndiyo balaa. Kwa nini?"

Redio akaanza kulia, na maneno yakatoka yote kwa mkupuo: Fundi Mkuu, sindano, mia nne na kumi na mbili, babu yake Twiga. Fundi aliinuka hata kabla hajamaliza kusikia.

"Mama, nisamehe, nafunga duka dakika chache!"

"Nenda baba, nenda!" mteja akasema. "Nitakulindia mimi."

Nyumba ya Twiga ilikuwa mtaa wa nyuma. Walikimbia wote wawili, baba mbele, Redio nyuma akiwa bado na begi mgongoni. Walipofika mlangoni walisikia sauti kama ya maji yanayomwagikia moto: tssss!

Ndani, moshi mweupe ulikuwa umeshapanda juu ya meza ya zamani ya kukatia nguo. Babu alikuwa amesimama ameshika mkono wake, ameduwaa. Twiga alikuwa kando yake na tochi. Juu ya meza betri iliruka, ikatema ulimi wa moto.

"Tokeni nje! Msiuvute huo moshi!" fundi alipiga kelele. Akamsukuma babu na Twiga mlangoni, akajifunika pua kwa shati, akanyakua rula ndefu ya mbao, akaisukuma betri ikaanguka sakafuni, akaifagia mpaka uani. Redio alishaiona ndoo ya mchanga iliyobaki kwenye ujenzi wa ukuta. Akaiburuta kwa mikono miwili, na baba yake akaumwaga mchanga wote juu ya ule moto. Ukafuka, ukafuka, ukanyamaza.

Vidole viwili vya babu vilikuwa vimeungua. Fundi alivishika chini ya bomba, maji yakatiririka kwa muda mrefu, huku babu akiuma meno. Twiga akaitupa tochi chini.

"Ni yule mwongo! Yule Fundi Mkuu! Nikimpata!"

"Umeshampata," Redio akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka ilibidi arudie. "Ni mimi, Twiga. Fundi Mkuu ni mimi."

Twiga alimtazama kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Haukuisha.

"Na mchana ulikuwa unajua? Tulipokuwa tumekaa pale?"

"Nilikuwa najua."

Twiga akageuka, akaingia ndani. Fundi alimpeleka babu zahanati, akamwazima simu ya kutia laini yake ili jioni asikose kuongea na binti yake.

Waliporudi dukani, Redio alingoja kugombezwa. Angependa kugombezwa, yaishe. Lakini baba yake alimwekea ile simu ya majaribio mkononi.

"Leo hunisomei. Leo unaandika."

"Nifute tu, baba?"

"Futa, asiyasome mwingine. Halafu andika. Walioyasoma jana watajuaje?"

"Watanitukana."

"Watakutukana, ndiyo," fundi akasema. "Andika."

Redio akaandika polepole, na kila sentensi akamwonyesha baba yake kabla ya kuendelea. "Mimi si fundi. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita. Nilidanganya kuhusu betri, na mtu ameungua. Betri ikivimba usiitoboe, usiibonyeze, usiichaji. Zima simu, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, ipeleke kwa fundi. Haya ameniambia baba yangu, ambaye ni fundi kweli."

Mpaka siku ya pili, maoni hayo yalikuwa na laiki tisa. Majibu yalikuwa mengi kuliko laiki. Watoto wa siku hizi! Nyang'anyeni simu! Mmoja aliandika tusi ambalo Redio hakumsomea baba yake. Safari hii hakumwigiza mtu yeyote sauti.

Jumapili asubuhi akaenda kwa babu, peke yake. Twiga alimfungulia mlango, hakumsalimu. Babu alikuwa amekaa karibu na meza yake, vidole vimefungwa bandeji, anajaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Njoo utunge, macho yangu na huu mkono havielewani leo."

Redio akatunga uzi. Kisha akapiga magoti. "Babu, nimekuja kuomba radhi. Niliandika kitu nisichokijua."

"Simama, mjukuu wangu. Watu wengi hawakijui wanachokiandika. Wewe unajua kilichoniuma ni nini? Siyo vidole." Babu aliweka sindano mezani. "Mimi nimeshona miaka arobaini. Mwaka wa kwanza niliharibu suruali ya bwana harusi. Wa pili nikajidunga mpaka kucha ikang'oka. Nikisikia mtu anasema 'miaka kumi na tano', namvulia kofia, kwa sababu najua miaka hiyo inakula mgongo. Nilikuamini kwa ajili ya miaka ile. Kumbe ni ya baba yako. Wewe uliichukua tu, kama mtu anayevaa koti la mwenzake."

Redio alitazama shimo jeusi lililoungua kwenye meza.

"Wamekujibuje huko mtandaoni?"

"Wamenitukana, babu. Ila mmoja aliniuliza swali. Ana taa inayochajiwa kwa jua, betri yake nayo imevimba. Alitaka kujua kama ni mambo yaleyale."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sijui, asiiguse kwanza, namuuliza baba. Baba akasema ni yaleyale, iachwe, ipelekwe kwa fundi. Nikamwandikia hivyohivyo, kwamba kasema baba."

"Na hiyo 'sijui' yako imepata laiki ngapi?"

"Hata moja."

Babu akacheka mpaka bega likatikisika, halafu akawa mtulivu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mdomo unao, na ni mzuri, usiufunge. Lakini mtu anayekusoma hakuoni. Hajui una miaka kumi na miwili, hajui uko shuleni. Ana neno lako tu, na mkono wake ataupeleka pale neno lako linapomwelekeza. Kwa hiyo sema unachokijua. Usichokijua, uliza. Na ukikosea, rudi haraka ulisahihishe, kama ulivyofanya. Hata kama ulichelewa nusu siku."

"Nilichelewa, babu."

"Ulichelewa," babu akakubali. "Na hilo siyo la mimi kulisamehe. Ni la huyo hapo."

Twiga alikuwa dirishani, amekunja mikono, anaangalia nje. Redio akamwendea. Hakutafuta maneno mazuri.

"Nilikuacha uondoke huku najua. Niliona aibu mbele ya wenzetu."

Twiga akageuka. "Kesho," akasema, "utasimama mbele ya darasa, na hii habari utaitangaza wewe mwenyewe. Yote."

"Nitaitangaza."

"Na mimi nitakuwa nimekaa pale dawatini nakusikiliza."

Kesho yake Redio alisimama mbele ya darasa zima, akasema yote, kuanzia laiki mia nne na kumi na mbili mpaka vidole viwili vya babu. Wengine walicheka, wengine waliguna. Alipomaliza akarudi mahali pake, na Twiga akasogea kidogo ili apate kukaa.