Mkaa wa Matawi ya Mizabibu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Theresia alimsaidia shangazi yake, Martha, katika shamba lake la mizabibu huko Ilongero. Msimu wa kupogoa ulipofika, shangazi alikata matawi, naye Theresia akayakusanya. Miaka yote waliyachoma, na majivu yakachukuliwa na upepo.

"Shangazi, shikamoo," alisema siku moja akitoka shule. "Mwalimu Chrispin anasema matawi haya yanaweza kuwa mkaa wa kuweka shambani. Eti unatunza maji udongoni!"

"Marahaba. Mkaa niujuao mimi ni wa kupikia," shangazi alicheka. "Haya, jaribu kwenye mchicha. Mizabibu yangu usiiguse."

Jumamosi mwalimu alifika. Walichimba shimo, wakawasha matawi makavu, wakawa wanaongeza mengine kila majivu meupe yalipoanza kuonekana. Mwishowe wakauzima moto kwa maji. Theresia alivunja kipande cha mkaa, akaona vitundu vidogo vidogo.

"Maji yanakaa humu?"

"Humo humo. Ila sijaujaribu kwenye mchanga wa huku. Wewe ndiye utakayetuambia," mwalimu alijibu.

Theresia alipanda mchicha kwenye matuta mawili, moja akalitia mkaa, lingine akaliacha. Baada ya wiki mbili, mchicha wa tuta la mkaa ulikuwa wa manjano. Alinyong'onyea. Kwa kuogopa kuchekwa, aliloweka samadi ya ng'ombe kwenye ndoo, akawa anamwagilia maji yake kwenye tuta lile tu, kwa siri. Mchicha ukageuka kijani, ukaupita wa tuta la pili.

"Kumbe ni kweli!" shangazi alishangilia. "Kesho tunauweka kwenye mizabibu yote."

Theresia aligeuka kutazama shamba. Mizabibu ile shangazi aliikuza kwa kuichotea maji kwa ndoo, tangu ikiwa vijiti.

"Shangazi, usiuweke," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Mchicha uliugua. Nikaupa samadi bila kukwambia."

Shangazi akamwita mwalimu. Mwalimu alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Kosa ni langu pia. Mkaa mpya una njaa, hunyang'anya mimea chakula. Labda ulitakiwa kushibishwa samadi kwanza."

"Au ni samadi tu iliyofanya kazi?" Theresia aliuliza.

"Hilo ni swali zuri. Haya, tulitafutie jibu."

Safari hii walipanda matuta matatu: la samadi tu, la mkaa mtupu, na la mkaa uliochanganywa na samadi ukalazwa mwezi mzima. Theresia aliandika kila alichokiona, kizuri na kibaya. Tuta la mchanganyiko lilishinda. Hata maji yalipokosekana siku tatu, mchicha wake haukunyauka. Shangazi akauweka mchanganyiko ule kwenye mstari mmoja wa mizabibu, ili kuujaribu.

"Ungeendelea kunificha, ningeharibu shamba zima," alimwambia Theresia. "Jaribio likishindwa si aibu, mwanangu. Sema lilivyoshindwa, nasi tutajua pa kuanzia."