Mpira wa Mlango wa Kushoto

Kila asubuhi Boke alifagia uwanja, akateka maji, kisha akafuta vioo vya Landrova ya kijiji. Gari hilo lililala nyumbani kwao Itiryo kwa sababu baba yake, Machage, ndiye aliyekuwa dereva. Mwaka ule wa 1976 kijiji chao cha ujamaa hakikuwa na gari jingine, na hilo lenyewe lilikuwa limechoka. Mpira ulioshika kioo cha mlango wa kushoto ulikuwa umekauka na kukatikakatika. Mvua iliponyesha, abiria wa upande ule alilowa chapachapa.

Jumamosi moja mpira mpya uliwasili kutoka Musoma, baada ya kusubiriwa miezi minne. Machage na binti yake waling'oa ule wa zamani, wakasugua kutu, wakapaka maji ya sabuni ili mpya uteleze mahali pake. Ulibaki kukatwa tu kwa kipimo cha mlango, mara Machage akaitwa mkutanoni.

"Usikate mpaka nirudi," alisema.

"Ndiyo, Tata."

Boke atulie? Thubutu! Alikaa, akasimama, akachungulia njia, akakaa tena. Kwani kukata ni kazi gani? Mara ngapi alikuwa amemsaidia bibi yake kuwamba ngozi za ng'ombe? Ngozi huvutwa mpaka ikaze, ndipo kisu kipite. Basi akauvuta mpira kwa nguvu zake zote, akaukata na kuupachika. Ulienea vizuri, na kipande kikabaki.

Machage aliporudi alikunja uso. Aliupapasa mpira wote, hakuona kasoro. "Siku nyingine unisubiri," alisema.

Jumapili asubuhi Boke alipokuja kufuta vioo, alishtuka. Mpira ulikuwa umerudi nyuma na kuacha pengo la vidole viwili kwenye kona ya juu. Harakaharaka akasokota kitambaa, akakipaka rangi nyeusi ya viatu, akakishindilia pale. Ukitazama kwa mbali, usingejua.

Hata mikono hajanawa, jirani yao Rispa akaja mbio, amembeba mwanawe mchanga aliyekuwa na homa na akihema kwa shida.

"Shemeji Machage, nipeleke Tarime, hospitali! Mtoto ananifia!"

Rispa alipanda mbele, upande wa kushoto. Mawingu yalikuwa meusi. Boke alizunguka gari mara mbili, akauma kucha. Aliogopa kusema, na kunyamaza aliogopa zaidi. Injini ikanguruma.

"Tata, ngoja! Pale juu ni kitambaa! Mpira niliuvuta nikaukata, sasa umepungua."

Machage aliruka chini. "Kipande kilichobaki kiko wapi? Lete na gundi ya pancha!"

Alikikata kirefu kuliko pengo, akakibana pale kwa gundi, akaondoa gari. Hawajafika mbali, mvua ikamwagika. Boke alishinda akitoka nje na kurudi ndani.

Jioni Machage alirudi. "Mtoto amelazwa, sasa anapumua vizuri. Blanketi lake halikupata hata tone."

Boke akaangua kilio.

"Sikiliza, mama," Machage alisema. "Ngozi ukiivuta hukaa ulivyoivuta, mpira hurudi. Hilo hukulijua, na ungenisubiri ningekuonyesha. Lakini kile kitambaa ulikiweka ukijua. Kuanzia leo, ukiharibu kazi, niambie gari likiwa bado hapa uwanjani. Likishaondoka, anayelowa si wewe."